Kuunda Upya Michezo ya Video ya Kale: Manufaa na Madhara Yake

Sanaa yoyote ikishapata umri haina budi kujiuliza kazi zake za kale zitendewe nini. Sanaa za uchoraji, uimbaji na ushairi zilikutana na swali hilo karne nyingi zilizopita. Mchezo wa video umekutana nalo juzi tu, maana umri wake haujatimiza karne moja. Spacewar!, mmoja wa michezo ya awali, uliundwa Marekani mwaka 1962 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kwa kompyuta iliyokuwa kubwa kama makabati kadhaa. Tangu hapo michezo imezaliwa kwa maelfu, na mingi katika ile iliyopendwa sasa yaundwa upya na kuuzwa tena. Wako wasemao kwamba kazi hii ni neema, maana huwapa vijana urithi wa wakubwa wao. Wako pia wasemao kwamba ni msiba, maana huwafanya watengenezaji kula kiporo cha jana badala ya kupika chakula cha leo. Kila upande una sehemu ya haki. Walakini historia yenyewe yatufundisha jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: mchezo mpya hauudhuru wa kale kwa kuzaliwa kwake, huudhuru pale unapowekwa mahali pa ule wa kale, na wa kale ukaondolewa.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kuunda upya hakukuanza kwa tamaa. Kulianza kwa haja. Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco nchini Japani, ulitoka mwaka 1980 ndani ya mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Watu walipotaka kuucheza nyumbani, kampuni ya Atari haikuweza kuuhamisha kama ulivyokuwa. Mtambo wake wa nyumbani, ulioanza kuuzwa mwaka 1977, ulikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kwa hiyo ilikuwa lazima mchezo uandikwe upya tangu mwanzo. Katika toleo lililotoka mwaka 1982 mizimu ilipepesa kama taa inayotaka kuzimika, kwa kuwa mtambo uliionyesha mmoja mmoja kwa zamu. Toleo hilo liliuzwa kwa mamilioni, lakini liliwavunja moyo wengi, na aghalabu huhesabiwa miongoni mwa sababu za anguko la biashara ya michezo Marekani mwaka 1983. Hata hivyo Pac-Man wa asili hakupata jeraha. Mashine zake zilikuwa bado zimesimama katika majumba ya michezo, na kila aliyetaka kuipima nakala kwa asili yake aliweza kufanya hivyo kwa sarafu moja.

Miaka kumi na moja baadaye twaona mfano wa manufaa. Mwaka 1993 kampuni ya Nintendo ilitoa Super Mario All-Stars, mkusanyo wa michezo minne ya Mario iliyochorwa upya kwa ajili ya mtambo wenye nguvu zaidi. Mmoja katika hiyo minne ulitoka Japani mwaka 1986, na Wamarekani walikuwa hawajauziwa kabla ya hapo. Kadhalika mchezaji aliweza sasa kuhifadhi alipofikia, asilazimike kuanza upya kila azimapo mtambo. Hapa kuunda upya kuliufungulia watu wengine mlango uliokuwa umefungwa, na hapana aliyepoteza kitu.

Manufaa makubwa zaidi huonekana mtungaji mwenyewe anapoirudia kazi yake. Resident Evil, mchezo wa kutisha wa kampuni ya Capcom, ulitoka mwaka 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Mwaka 2002 Mikami huyohuyo aliuunda upya. Alibakisha jumba lile lile, na kamera iliyotulia pembeni ikimwacha mchezaji akisikia nyayo asizoziona. Lakini mazungumzo yaliyokuwa yakiwachekesha watu mahali pa kuogopa yaliandikwa na kusemwa upya, na maiti aliyedhaniwa kwisha aliweza kuinuka tena akiwa na mbio zaidi. Mchezaji wa zamani aliyedhani ajua kila pembe alijikuta mgeni katika nyumba aliyoizoea. Na mwaka 2024 michezo mitatu ya kwanza ya mfululizo huo ilirudishwa sokoni katika sura yake ya zamani, kwa kompyuta za siku hizi. Basi mwanafunzi anayetaka kujua kilichobadilika, na kwa nini kilibadilika, aweza kuiweka kazi ya kale na ile mpya mbele yake na kuzilinganisha.

Tena kuna kazi mpya isiyoeleweka vema bila ile ya kale. Final Fantasy VII wa mwaka 1997 ulianza kuundwa upya kwa sehemu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2020, na ya pili mwaka 2024. Katika sehemu ya kwanza hutokea viumbe kama vivuli ambao kazi yao ni kuzuia mambo yasiende kinyume cha hadithi ya awali. Asiyeijua hadithi ya awali huwaona viumbe hao kuwa kituko tu. Aijuaye hutambua kwamba watungaji wanajadiliana na ujana wao wenyewe. Mjadala wa namna hii wahitaji wasemaji wawili. Ukimnyamazisha mmoja, mwingine huonekana anasema peke yake.

Sasa na tutazame madhara. Katika mchezo wa Silent Hill wa mwaka 1999 mji umefunikwa na ukungu mzito. Ukungu huo ulisaidia kuficha udhaifu wa mtambo, ambao haukuweza kuchora vitu vya mbali. Lakini ulio udhaifu uligeuka kuwa uzuri, na hofu yote ya mchezo ikakaa ndani yake. Mwaka 2012 michezo ya pili na ya tatu ya mfululizo huo ilipotolewa kwa picha zilizosafishwa, waliopewa kazi hiyo walikuta kwamba maandishi ya programu yaliyohifadhiwa hayakuwa yale ya mwisho. Wakajaza mapengo kwa kubuni, na mahali pengine ukungu ukawa mwepesi hata ukaonyesha kile uliokusudiwa kukificha.

Kosa hilo lilirudiwa mbele ya umati mkubwa zaidi mwaka 2021, kampuni ya Rockstar ilipotoa michezo yake mitatu ya Grand Theft Auto, ya miaka 2001, 2002 na 2004, katika sura mpya. Ukungu wa San Andreas ukaondolewa, na nchi iliyoonekana haina mwisho ikawa ndogo kama kiwanja. Maandishi ya mabango yaliharibika, na mvua ikawa michirizi meupe iliyomzuia mchezaji kuona njia. Lakini kosa kubwa halikuwa hilo, maana kazi mbovu huweza kusahihishwa, na hiyo ilikuja kufanyiwa marekebisho. Kosa kubwa ni kwamba kabla ya kuitoa, kampuni iliiondoa michezo ya asili katika maduka ya intaneti. Ilibidi iombe radhi na kuahidi kuirudisha kwa watumiaji wa kompyuta. Mwaka uliotangulia kampuni ya Blizzard ilikuwa imefanya zaidi ya hapo: Warcraft III wa mwaka 2002 ulipoundwa upya, hata mtu aliyenunua ule wa zamani alipojiunga na wenzake kwa intaneti alilazimika kutumia programu mpya, ambayo baadhi ya mambo aliyoyazoea hayakuwamo tena. Na huo ndio mchezo ambao ndani yake wachezaji wenyewe walibuni Dota, uliokuja kuzaa aina nzima ya michezo ya mashindano. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mwenye mbacha hakuuacha, alinyang'anywa.

Yaweza kuulizwa: je, kupotea kwa mchezo ni hasara ya nani? Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba katika michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena sokoni. Maktaba na nyumba za kumbukumbu ziliomba ruhusa ya kuwafikishia watafiti michezo hiyo kwa intaneti, na mwezi Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa, moja ya hofu zilizotajwa ikiwa kwamba watu wangeitumia kwa burudani. Basi mtafiti wa leo hana duka la kununulia wala maktaba ya kuazimia akiwa mbali. Kwake nakala iliyoundwa upya huwa shahidi pekee, naye ni shahidi aliyezaliwa baada ya tukio.

Ama lile lawama kwamba kuunda upya ni uvivu, silikubali lote. Mikami hakuwa mvivu mwaka 2002. Uvivu ni kuuza jina la kale bila kuchunguza kilicholipa jina hilo heshima. Na kipya kinyemi kingawa kidonda, kwa hiyo wanunuzi nao wana sehemu yao katika lawama.

Hukumu yangu ni hii. Mchezo wa kale na uundwe upya kila atokeapo mtu mwenye neno jipya la kusema juu yake, lakini ule wa asili ubaki ukiuzwa, au ukabidhiwe maktaba zilizo na ruhusa ya kuuonyesha. Sharti hilo si zito. Atakayelikataa anatuomba tuamini kwamba kazi yake mpya ni bora kuliko ya kale, na papo hapo anatunyima njia ya kuhakikisha.