Fahamu: Ndege Nyepesi za Viti Viwili na Mipaka Yake Kisheria

Kanuni za Marekani za mwaka 2004 ziliitambua ndege nyepesi ya michezo kuwa yenye injini moja, viti visivyozidi viwili na uzito wa kuruka usiozidi kilo 600, au kilo 650 kwa ndege inayotua majini. Mwendo wake wa juu haukuruhusiwa kuzidi kilomita 222 kwa saa. Mwaka 2025 nchi hiyo ililegeza mipaka hiyo.

Kwa wakazi wa Suguti, mkoani Mara, kandokando ya Ziwa Victoria, ikumbukwe kuwa wepesi wa ndege hauiondoi katika sheria za nchi. Ndege ya kiraia iliyosajiliwa Tanzania hubeba alama ya 5H, na usalama wake husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).