Mwaka 2019 wa Vimbunga: Kumbukumbu ya Jamii kama Kinga dhidi ya Maafa

Ikisiri

Makala hii inauchunguza mwaka 2019 kama kipindi cha kihistoria ambamo vimbunga vikubwa vilizipiga pwani za Afrika, Asia na Amerika kwa kufuatana. Inalinganisha vimbunga vya Idai, Kenneth, Fani, Dorian na Hagibis ili kubainisha kwa nini idadi ya waliokufa haikwenda sambamba na nguvu za upepo. Hoja kuu ni kwamba kinga ya kwanza ya jamii ni kumbukumbu ya maafa yaliyopita, pale kumbukumbu hiyo inapogeuzwa kuwa taasisi, majengo na mazoea. Aidha, makala inaonyesha kwamba nchi zisizopakana na bahari zina sehemu yao katika historia hii.

1.0 Utangulizi

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida maji yanapofikia nyuzi 26 au 27 za Selsiasi. Mvuke unaopanda hupoa, hugeuka matone na kuachia joto; joto hilo huisukuma hewa kupanda zaidi, na mgandamizo wa hewa chini yake hupungua. Hewa ya pembeni huingia kuziba nafasi, na mzunguko wa dunia huifanya ijizungushe. Karibu sana na ikweta msukumo huo wa kuzungusha ni hafifu mno, na ndiyo maana vimbunga ni nadra huko. Kutokana na ukweli huo imezuka dhana, miongoni mwa wasomi na wasio wasomi, kwamba Afrika Mashariki ni eneo salama ambalo halina haja ya kulijua somo hili.

Lugha ya Kiswahili ina jambo la kusaidia katika ulinganishi. Watu wa Karibi husema hariken, wa Asia ya Mashariki husema taifuni, na wa Bahari ya Hindi husema saikloni, ilhali Mswahili huviita vyote vimbunga. Kwa jina hilo moja, matukio ya mwaka mmoja yaliyotokea katika bahari tatu yanaweza kusomwa kama historia moja.

2.0 Machi na Aprili: Idai na Kenneth

Mgandamizo mdogo wa hewa uliokuja kuitwa Idai ulijitokeza katika Mlango wa Msumbiji mwanzoni mwa Machi 2019. Uliingia nchi kavu ukiwa dhaifu, ukamwaga mvua nyingi Msumbiji na Malawi, kisha ukarudi baharini. Huko ulipata joto jipya na kukua kuwa kimbunga kikali. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi kikaupiga mji wa Beira, mji wa bandari uliojengwa kwenye tambarare iliyo chini, karibu na midomo ya mito Pungwe na Buzi. Upepo uling'oa mapaa, lakini mauaji makubwa yalifanywa na maji. Mito ilifurika, na tambarare ya nyuma ya Beira ikawa kama ziwa lililoenea kwa kilomita nyingi, huku watu wakisubiri msaada juu ya miti na mapaa. Mashamba yalizama wakati mavuno yalikuwa yamekaribia, na kipindupindu kikafuata.

Kimbunga hicho hakikuishia pwani. Katika milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, yapata kilomita 200 kutoka baharini, mvua iliporomosha miamba na udongo usiku juu ya makazi ya Ngangu na Kopa. Baadhi ya miili ilisombwa na mito hadi Msumbiji, na familia nyingi hazikupata wa kumzika. Kwa jumla, watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha katika nchi tatu.

Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija na kuingia mkoa wa Cabo Delgado, kikiharibu kisiwa cha Ibo, Quissanga na Macomia. Hapakuwa na kumbukumbu ya vimbunga viwili vya nguvu hizo kuipiga Msumbiji katika msimu mmoja. Pwani hiyo ni nchi ya Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na ni majirani wa Mtwara ng'ambo ya mto Ruvuma. Upande wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari; shule zilifungwa Mtwara na wakazi wa maeneo ya hatari wakatakiwa kuhama. Kenneth kilielekea kusini zaidi, na Mtwara ikasalimika. Upepo wa Kenneth ulikuwa mkali kuliko wa Idai, lakini waliokufa walihesabika kwa makumi. Sehemu ya sababu ni kwamba kilipita penye watu wachache kuliko Beira. Sehemu nyingine ni kwamba Idai kilikuwa hakijasahauliwa, na makumi ya maelfu ya watu walihamishwa mapema.

3.0 Mei: Fani na funzo la miaka 20

Tarehe 3 Mei kimbunga Fani kiliingia India karibu na mji wa Puri, katika jimbo la Odisha. Nguvu zake kilipogusa nchi kavu hazikuwa pungufu ya zile za Idai, na pwani hiyo ina watu wengi na maskini wengi. Hata hivyo, waliokufa katika India na Bangladesh hawakufika 100. Kabla upepo haujafika, serikali ya jimbo ilikuwa imewahamisha watu wapatao milioni 1.2 kwa muda wa siku mbili hivi.

Tofauti hiyo haielezeki bila historia. Mnamo Oktoba 1999 kimbunga kingine kiliipiga Odisha na kuua watu wapatao 10,000. Baada ya msiba huo jimbo liliunda mamlaka yake ya kushughulikia maafa, likajenga majengo imara ya kukimbilia kando ya pwani, likatengeneza barabara za kuyafikia na kuwazoeza wanavijiji kuhama. Kimbunga Phailin cha mwaka 2013 kiliupima mfumo huo, nao ukahimili. Fani basi kilikuta jamii iliyokwisha kufanya jambo hilo mara kadhaa: kila kijiji kilijua ni jengo lipi lake na ni nani anayebisha hodi kwa wazee na wagonjwa.

Mizizi ya utaratibu huo inafika mbali zaidi. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliisukuma bahari juu ya visiwa na pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 300,000 na 500,000, na hasira juu ya uzembe wa watawala ilichangia vuguvugu lililozaa taifa jipya mwaka 1971. Mwaka uliofuata uhuru ulianzishwa mpango wa wajitolea wa vijiji wanaopeleka tahadhari kwa bendera, vipaza sauti na miguu yao. Mpango huo haukukamilika kwa siku moja: kimbunga cha mwaka 1991 kiliua watu zaidi ya 130,000. Kumbukumbu hujenga polepole, na wakati mwingine hulipiwa mara mbili.

4.0 Septemba na Oktoba: Dorian na Hagibis

Ingefaa kuuliza kama jambo linaloamua ni utajiri tu. Matukio ya Septemba na Oktoba yanajibu kwa uangalifu.

Tarehe 1 Septemba kimbunga Dorian kiliingia visiwa vya Abaco, Bahamas, kwa upepo wa kilomita 295 kwa saa, kisha kikakaa karibu papo hapo juu ya Grand Bahama kwa zaidi ya siku nzima. Bahamas si nchi maskini, na ina uzoefu mrefu wa vimbunga. Lakini mjini Marsh Harbour palikuwa na vitongoji vya mabanda walimoishi wahamiaji kutoka Haiti, wengi wao wakiwa hawana hati. Baadhi walihofia kwamba kuingia katika makao ya dharura ni kujipeleka mikononi mwa maofisa wa uhamiaji. Vitongoji hivyo vilifutika. Vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 70 na ushei, na mamia ya watu waliorodheshwa kuwa hawajulikani walipo. Onyo lilikuwapo, ila halikuwa la wote kwa kipimo kimoja.

Tarehe 12 Oktoba kimbunga Hagibis kiliingia Japani, mojawapo ya nchi zilizojiandaa kuliko zote duniani. Mjini Hakone zilinyesha zaidi ya milimita 900 za mvua kwa siku moja. Kingo za mito kadhaa, ukiwamo Chikuma, zilivunjika, na watu karibu 100 walikufa. Hagibis kinafundisha kwamba kumbukumbu nayo ina mpaka wake: kingo hujengwa kwa kipimo cha mafuriko yaliyopita, na bahari inayozidi kupata joto hupandisha mvuke mwingi zaidi kuliko ule wa zamani.

5.0 Vimbunga na nchi zisizo na bahari

Kwa wasomaji wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, historia hii inaweza kuonekana ni ya wengine. Mwaka 2019 unakanusha dhana hiyo kwa njia tatu.

Kwanza, Chimanimani na Malawi zimeonyesha kwamba kimbunga kinaweza kuua hata katika maeneo yaliyo mbali na bahari. Pili, mvua za masika za mwaka huo zilichelewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na wanataaluma wa hali ya hewa walieleza kwamba Idai kilichangia kwa kuvuta unyevunyevu kuelekea kusini. Mkulima aliyetazama mbingu bila kuona wingu alikuwa akiguswa na kimbunga asichokisikia. Tatu, mwishoni mwa mwaka upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto lisilo la kawaida kuliko upande wa mashariki. Vuli ikageuka mafuriko katika nchi nyingi za ukanda huu, na mwezi Desemba kimbunga Pawan kikaingia Somalia.

Mvua hizo ziliwakuta nzige wa jangwani waliokwisha kuzaliana Uarabuni baada ya vimbunga Mekunu na Luban vya mwaka 2018 kuulowesha mchanga wa Rub' al Khali. Makundi yalivuka hadi Pembe ya Afrika, yakaingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 na Karamoja, Uganda, mwezi Februari 2020. Kenya ilikuwa haijaona uvamizi wa namna hiyo kwa takriban miaka 70. Hivyo kimbunga kilicholowesha jangwa la Uarabuni kilimfikia mfugaji wa Karamoja kwa sura ya mdudu.

6.0 Kumbukumbu iliyolala: 1872 na 1952

Je, Afrika Mashariki haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe? Ilikuwa nayo. Mwezi Aprili 1872, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba iliyosalimika ikawa ndiyo kitovu cha karafuu tangu hapo. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi, kikabomoa mji na kuua watu zaidi ya 30.

Matukio yote mawili yanatajwa katika vitabu vya historia, lakini kwa namna tofauti na Odisha. La 1872 limehifadhiwa kama habari ya uchumi wa karafuu. La 1952 limebaki hasa katika masimulizi ya wazee wa Lindi. Hakuna lililogeuzwa kuwa jengo la kukimbilia, zoezi la kila mwaka au somo la shule. Miaka 80 ilitenganisha tukio moja na jingine, na muda huo unatosha kwa vizazi vitatu kuzaliwa na kuamini kwamba jambo haliwezekani. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam. Kisicho cha kawaida si kisichowezekana.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2019 umeonyesha kwamba upepo hautoshi kueleza vifo. Fani kiliwakuta watu waliokwisha kufundishwa na misiba ya baba zao. Idai kiliwakuta wengi ambao onyo lilikuwa limetolewa lakini hawakuwa na pa kwenda. Dorian kilionyesha kwamba asiyehesabiwa wakati wa amani hahesabiki wakati wa maafa. Na Hagibis kimeonya dhidi ya kuitegemea jana pekee.

Kwa ukanda huu, kazi inayotokana na historia hii ina pande mbili. Masimulizi ya walioshuhudia mwaka 1952 yakusanywe wakati wachache wao wangali hai, yaingizwe katika mitaala na kulinganishwa na ya Chimanimani na Cabo Delgado. Pili, tahadhari itolewe kwa Kiswahili na lugha jirani kwa maneno ambayo mvuvi na mkulima wanayatumia: upepo huu utafanya nini, maji yatafika wapi, na mtu akimbilie wapi. Mtwara ilisalimika mwaka 2019, na onyo lisilotimia huweza kuzaa dharau. Wajibu wa mwanahistoria ni kueleza kwamba onyo hilo halikuwa uongo, kwa kuwa ng'ambo ya Ruvuma lilitimia.