Nembo: Kutoka Usoni Hata Kwenye Mhuri

Katika Kiswahili cha leo, nembo ni alama ya dola, chama au shirika. Zamani ilikuwa alama ya mwili: chale alizochanjwa mtu ili ajulikane ni wa watu gani. Safari ya neno hilo ni sehemu ya historia ya Dar es Salaam.

Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Fundi alichanja kwa kisu, akasugua unga wa mkaa katika jeraha, na mistari ya pembepembe ikabaki usoni maisha. Kijana aliyevumilia alipata heshima mbele ya jamaa zake. Maana yake ilionekana wazi katika ngoma ya mapiko, ambapo kinyago kilichosimama badala ya wahenga kilitiwa chale zile zile za walio hai. Hivyo wafu na vijana waliotoka jandoni walikutana kwa uso mmoja.

Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, ilikusanya makabila mengi. Mmakonde aliyefika huko alikaa na Mzaramo, Mnyamwezi na Mmanyema, wasiojua kuisoma nembo yake. Kwao ilisema neno moja tu, kabila, na mara nyingi neno hilo lilitamkwa kwa dhihaka. Heshima ya nyumbani ikawa mzigo mjini, na desturi ya kuchanja watoto ikafifia.

Lakini haja ya kuonyesha udugu haikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam, akiwamo Roberto Yakobo Sangwani kutoka Msumbiji, walianza kuchonga mpingo kwa namna mpya: watu wengi katika gogo moja, huyu akimbeba yule. Mtindo huo uliitwa ujamaa, neno ambalo Azimio la Arusha la 1967 lililifanya kuwa la nchi nzima. Na watazamaji wengi waliona humo mzee na vizazi vyake.

Nembo ya Taifa nayo ina mwanamume na mwanamke, na maneno Uhuru na Umoja. Hiyo hupigwa juu ya karatasi, wala haimuumizi mtu. Nembo ya kale ilimtaka mtu aulipie udugu wake kwa damu. Umoja wa mji ulistawi pale watu walipoacha kuulizana nyuso. Lakini gharama yake ni kwamba mjukuu wa leo akimtazama babu yake katika kinyago, haoni tena uso wake mwenyewe.