Maji ya Mlima na Picha za Kale

Wasikilizaji wetu walio wengi wamepata kuona picha za kale za Kilimanjaro, na yamkini wameuliza habari za kamera, au za mtu aliyezipiga. Habari za maji haziulizwi. Nasi tumeonelea tuzungumze juu ya maji hayo, kwa kuwa picha ya zamani, kabla ya kuwa karatasi ya kutiwa ukutani, ilikuwa kwanza kitu cha kuoshwa, tena kuoshwa mara nyingi.

Na tuanze pwani. Mwaka 1860 Kapteni Grant, mwenzake Speke, alipiga picha Unguja kabla ya safari yao ya kwenda bara. Siku hizo ilitumika njia aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851: kioo hupakwa dawa, hutumbukizwa katika maji ya nitrati ya fedha, hupigwa picha na kusafishwa papo hapo kingali kibichi. Basi chumba cha giza kilimfuata mpiga picha kila aendako, nacho ni hema dogo lililozibwa pande zote. Speke alieleza kwamba joto la hema hilo lingalimwua mwenzake, kwa hiyo Grant aliiacha kamera akashika brashi na rangi.

Lakini joto halikuwa adui pekee. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ikikutana na nitrati ya fedha huinyakua fedha ile, maji yakageuka meupe kama tui. Dawa ya thamani ikapotea bure. Jambo hilohilo liliwafaa watu wa picha kwa namna nyingine: ukitaka kuyajua maji, tia tone moja la nitrati katika glasi, yakibaki maangavu, hayana chumvi ya kudhuru. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipoleta maji ya Chem Chem mjini Unguja kwa mabomba, hakuwafikiria wapiga picha. Walakini nao walinywea kisima kimoja na wengine.

Mwaka 1871 Dakta Maddox wa Uingereza alitangaza kioo kikavu, ambacho dawa yake imeshikizwa kwa jelatini. Kioo hicho chaweza kupigwa picha leo na kusafishwa baadaye. Ndipo kamera ilipoweza kupanda mlima. Hans Meyer alifika kwenye barafu ya Kilimanjaro mwaka 1887, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye picha 40. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni.

Wamisionari wa Leipzig waliokuja mwaka 1893 walikuwa na hali nyingine, maana wao walikaa. Mtu akaaye husafisha picha zake nyumbani, kwa maji ya hapo alipo. Na maji ya Uchagani yalikuwa ni ya mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na ukoo kutoka kwenye korongo la mto juu kabisa, ukapitishwa migombani kwa zamu. Kazi hiyo ya wazee iliwastaajabisha wageni wote. Ila mfongo ulichimbwa kwa ajili ya migomba na ulezi. Wakati wa masika, Machi hata Mei, hushuka na udongo, nayo chembe moja ya udongo ikigandia jelatini iliyolowa haitoki tena. Huonekana pichani kama tobo la sindano katika anga. Hapo twaona kwamba maji mema kwa koo na maji mema kwa picha si mamoja. Maji ya upande wa Meru yana floridi iwapakayo watoto meno rangi ya kahawia, lakini floridi haifanyi ukungu pamoja na fedha kama ifanyavyo chumvi.

Dawa ya mambo hayo ilikuwa mvua. Maji ya mvua hayana chokaa. Huachwa manyunyu ya kwanza yaoshe bati, kisha hukingwa pipani na kuchujwa kwa kitambaa. Paa la majani halifai, kwa kuwa hutia maji rangi. Asiye na mvua huchemsha maji ya kijito, akayaacha usiku kucha, chokaa na udongo vikatuama chini. Asubuhi huteka ya juu polepole. Maji ya mvuke, yale yatiwayo katika betri za motokaa, ni bora kuliko yote, lakini mtu aangalie sana asiuziwe asidi! Hayo hutengwa kwa dawa ya kusafishia na kwa suuza ya mwisho. Kuosha kwote kungeyamaliza.

Kwa habari ya ubaridi, watu wa mlimani waliwashinda watu wa pwani. Jelatini hulegea katika maji ya vuguvugu, ikavimba na kubanduka kiooni. Maji yatokayo msituni huizuia isivimbe. Huko chini mjini, mwezi wa Februari, hapana budi kuyalaza maji mtungini na kufanya kazi alfajiri.

Kisha kuosha. Picha hushikizwa kwa haipo, na haipo isipoondoshwa yote huila picha polepole, ikawa ya manjano, ikafifia. Ubaya huo hauonekani ila baada ya miaka.

Mwaka 1912 Fritz Klute, aliyepanda Mawenzi pamoja na Eduard Oehler, alipiga picha za kupimia mlima, akazitumia kuchora ramani yake. Kwa ramani hiyo wataalamu walihesabu kwamba barafu ya mwaka ule ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2.