Kabla ya Bangkok, Uliza Nani Amekupangia Safari

Siku hizi meseji nyingi ninazopata ni za Bangkok. Mmoja yuko Awendo, anataka kujua visa inapatikana aje. Mwingine yuko Mbita, tayari ameambiwa tarehe ya kusafiri. Sina shida na mtu kutembea. Bangkok ni mji mkuu wa Thailand, jiji la mamilioni ya watu, masoko ya usiku, mahekalu na treni zinazopita juu ya barabara. Kama una pesa zako, enda ukaone. Lakini mimi nauliza kila mtu swali moja: hiyo safari nani amekupangia?

Nauliza kwa sababu ya historia. Watu wetu washawahi kwenda upande ule wa dunia, na hawakujipeleka.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Migori, Homa Bay na Kisii zilikuwa wilaya moja, South Kavirondo, na makao yake yalikuwa Kisii. Serikali ya wakoloni ilipohitaji askari na vibarua wa jeshi, iliwatafuta vijijini. Kuna waliojiandikisha kwa sababu ya mshahara, maana kodi ilidaiwa pesa taslimu. Wengine walitolewa na machifu, wapende wasipende. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa: meli hadi Kisumu, kisha treni.

Mwaka wa 1943 vikosi vya King's African Rifles vilikusanywa kuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo yake kichwa cha kifaru. Wakapelekwa Ceylon kufanya mazoezi, halafu 1944 Burma, nchi tunayoiita Myanmar leo, jirani wa Thailand. Hata njia yenyewe iliua. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani. Ilizama kwa dakika kama mbili. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Waliofika walipewa Bonde la Kabaw, msimu wa mvua, matope hadi magotini na malaria kila mahali. Walisukumana na Wajapani hadi Kalewa, Desemba 1944, kwenye mto Chindwin. Mei 1945 Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati huo, ukaangukia mikononi mwa Waingereza.

Halafu wakarudi nyumbani. Mshahara wao ulikuwa chini ya ule wa Mzungu waliyepigana naye bega kwa bega. Serikali ikaanzisha mpango wa kuwapa ardhi ya Kenya askari wa zamani, lakini wazungu. Mwafrika akarudi kwa kipande kama alichokiacha. Ndiyo sababu nasema ukipangiwa safari na mtu mwingine, faida pia anaipanga yeye.

Sasa tuje kwa hii yetu. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu kazi feki za Thailand. Unaambiwa ni kazi ya kompyuta au ya kuhudumia wateja, mshahara mnono, tiketi utalipiwa. Unatua Bangkok, unapokelewa vizuri kabisa, unaingizwa kwa gari. Halafu gari haliingii mjini. Linaenda karibu kilomita 500 hadi Mae Sot, mpakani. Unavushwa mto Moei, ghafla uko Myawaddy, Myanmar, ndani ya ukuta wenye walinzi, pasipoti imechukuliwa, kazi yako ni kuwatapeli watu mtandaoni. Februari 2025 maelfu walitolewa huko, na Wakenya walikuwemo.

Omera, ni Burma ileile. Babu zetu walifika huko kwa amri ya mkoloni. Sisi tunafika kwa link ya WhatsApp, tena wengine tumeuza ng'ombe wa nyumbani kulipa ajenti.

Kwa hivyo panga mwenyewe. Visa ya Thailand inaombwa mtandaoni, kwa jina lako na kwa mkono wako. Visa ya utalii hairuhusu kazi, kwa hivyo mtu akikwambia utaanza nayo kazi kisha "itabadilishwa", huyo anakudanganya. Ajenti yeyote, angalia kama amesajiliwa na National Employment Authority. Jua hoteli yako kabla hujatoka, na uwe na tiketi ya kurudi. Andika namba ya ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok kwa karatasi, si kwa simu pekee. Mwachie mtu wa nyumbani nakala ya kila kitu.

Na kama kwenu kuna mzee ambaye baba yake alienda Burma, kaa naye umuulize jina la kikosi na mwaka aliorudi. Andika kabla hayo pia hayajapotea.