Harisa, Chungu cha Musa Dagh

Mla boko boko wa Unguja au Mombasa akitengewa harisa ya Waarmenia hatahitaji kuuliza kilichomo. Ni ngano na nyama iliyochemka usiku kucha, ikapondwa hadi nyuzi za nyama zikapotea ndani ya uji mzito, kisha ikamwagiwa siagi ya moto. Pwani yetu iliyapata mapishi hayo kutoka Uarabuni. Huko Baghdad, katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq aliitengea harisa sura nzima katika kitabu chake cha mapishi. Kwa hiyo anayetafuta mwenye harisa atachoka bure. Afadhali tuulize ilivyokuwa hadi Waarmenia wakaifanya chakula cha kumbukumbu.

Jibu liko Musa Dagh, mlima ulio kando ya bahari ya Mediterania, leo kusini mwa Uturuki. Mwaka 1915 serikali ya Osmani iliamuru Waarmenia wa vijiji vya mlima huo wahamishwe. Wengi walikataa, maana habari za misafara iliyotangulia zilikwisha kuwafikia. Walipanda juu na mifugo yao na bunduki chache, wakapigana kwa wiki kadhaa. Upande wa bahari walitundika shuka kubwa lenye msalaba. Septemba manowari za Ufaransa zikafika, zikawachukua watu zaidi ya 4,000 hadi Port Said, Misri. Franz Werfel alikitungia kisa hicho riwaya iliyotoka mwaka 1933, na ndiyo iliyoueleza ulimwengu habari za mlima ule.

Wenyewe lakini hukumbuka kwa kupika. Kila Septemba, wakati wa Sikukuu ya Msalaba, masufuria makubwa hupangwa safu nje na moto ukakokwa jioni. Ngano yenyewe imeshatwangwa na kutolewa maganda. Hutiwa pamoja na nyama ya kondoo au kuku, maji na chumvi. Kazi ya jasho ni kuponda. Wanaume hupokezana miiko mirefu ya mbao, ngoma na zumari zikiwatia nguvu. Asubuhi kasisi huvibariki vyungu, ndipo watu wakapakuliwa.

Hatay, mkoa wenye mlima huo, ilipoingia Uturuki mwaka 1939, wengi wa wale waliokuwa wamerudi kwao baada ya vita walihama tena, safari hii moja kwa moja, wakajenga mji wa Anjar katika bonde la Bekaa, Lebanoni. Mapishi yakahama nao. Nchini Armenia kwenyewe, mnara wa kumbukumbu ya mapigano hayo ulijengwa Musaler mwaka 1976, na harisa hupikwa hapo pia.

   

Si wote walioondoka mwaka 1939. Watu wa Vakıflı walibaki, na hadi leo ndicho kijiji pekee cha Waarmenia kilichosalia Uturuki. Huko harisa hupikwa katikati ya Agosti, zabibu mpya zinapobarikiwa.