Turkana haikuwa na makabaila, lakini mito yake ina wenyewe

Lokichoggio, au Loki kama inavyoitwa na madereva wa malori na wenyeji pia, ina viwanja vingi vilivyozungushiwa seng'enge na watu wachache ndani yake. Umoja wa Mataifa ulipoanzisha Operesheni Lifeline Sudan mwaka 1989, mji huu wa mpakani katika Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, uligeuka kuwa ghala la kusini mwa Sudan. Ndege za chakula zilipaa na kutua kutwa, na kila shirika la misaada likajikatia kambi yake. Mkataba wa amani wa 2005 ulipotiwa saini, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Kambi zikabaki, na swali la ardhi yake ni ya nani likabaki nazo.

Kwa Turkana swali hilo ni la zamani, na historia yake inapitia mahali pasipotarajiwa: Ireland.

Katika miaka ya 1870, familia zipatazo 750 zilishika karibu nusu ya ardhi yote ya Ireland. Mabwana wengi walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Uingereza, wapangaji wengi Wakatoliki, na si bwana mmoja wala wawili aliyekaa mbali akisubiri kodi iletwe na wakala wake. Mwaka 1879 Michael Davitt aliasisi Chama cha Ardhi, wapangaji wakagoma kulipa, na baada ya vurugu za miaka mingi bunge la London likasalimu amri. Sheria ya Wyndham ya 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za kuinunua ardhi ya mabwana zao, deni lilipwe kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 68.

Mwaka huohuo wa 1903, serikali hiyohiyo ya Uingereza ilimpa mlowezi Lord Delamere ekari 100,000 huko Njoro, Kenya, kwa miaka 99. Ukabaila uliokuwa ukizikwa Ireland ulikuwa ukipandwa upya Bonde la Ufa. Na ulipofika wakati wa kuung'oa huko nako, dawa ilikuwa ileile: Mpango wa Ekari Milioni wa 1962 uliwapa wakulima Waafrika mikopo ya kuyanunua mashamba ya walowezi. Waliokuwa wamenyang'anywa wakalipia walichonyang'anywa. Sijaona bado mtetezi wa mpango ule aliyelieleza hilo nikaridhika.

Turkana ilikwepa yote mawili, na si kwa huruma ya mtu. Mlowezi gani angeitaka? Mkoloni aliwapiga Waturkana, akawapokonya silaha na maelfu ya mifugo katika msafara wa kijeshi wa 1918, kisha akaifunga wilaya: kuingia kwa kibali tu. Lodwar ikawa mahali pa kuwatupa wafungwa wa siasa; Jomo Kenyatta alizuiliwa huko kuanzia 1959 hadi 1961. Kwenye vitabu vya serikali, ardhi yote ilisomeka kama jangwa lisilo na mwenyewe.

Mwaka 1961, katikati ya njaa kali, waliingia mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick. Makao yao makuu yako Kiltegan, Kaunti ya Wicklow, kwenye jumba la High Park, ambalo zamani lilikuwa la familia ya Westby, makabaila waliokuwa na maelfu ya ekari Clare, upande wa pili wa nchi. Kutoka jumba hilo wakaja watu waliochimba visima, wakajenga shule na zahanati, na kumtoa askofu wa kwanza wa Lodwar, John Mahon. Wajukuu wa wapangaji, naweza kusema, wakilala kwenye nyumba ya bwana.

Na je, ni kweli ardhi haikuwa na mwenyewe? Ukimwuliza mzee wa Turkana utajiri wa mtu, atakutajia ng'ombe, ngamia na mbuzi wake, na emachar, yaani ukoo wake na alama ya ukoo huo iliyochomwa kwenye ngozi ya mnyama. Malisho ni ya wote. Lakini mtoni mambo ni mengine. Kando ya Turkwel na mito ya msimu, hasa Turkana ya kati, kipande cha msitu huitwa ekwar, nacho kina familia yake. Kiangazi kikikaza, maganda ya miti ya ewoi, mgunga, huangushwa kulisha mbuzi, na mgeni haangushi bila kumwomba mwenyewe. Baba humrithisha mwana. Anayekiacha muda mrefu bila kukitumia anaweza kukipoteza, sharti ambalo bwana wa Clare hakuwahi kuwekewa.

Mtafiti Edmund Barrow aliuandika utaratibu huu katika miaka ya 1980, lakini wapanga mipango ya maendeleo walikuwa wameshapita. Mradi wa umwagiliaji wa Katilu ulifyeka msitu wa mtoni ili kugawa viwanja. Bwawa la Turkwel, lililokamilika 1991, lilipunguza mafuriko yanayoilisha migunga. Kisha ukaja mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa, ukaziba kingo bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 2012 mafuta yalipatikana kwenye kisima cha Ngamia 1 na kampuni ya Tullow, iliyoanzia kwenye mji mdogo wa Tullow, Kaunti ya Carlow, si mbali na Kiltegan. Ghafla kila ekari ikawa na wadai. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na 5 kwa jamii husika, na mabishano makali sasa ni nani hasa aitwe jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii zijiandikishe na kuchagua kamati, na inaruhusu sehemu ya ardhi hiyo kushikwa na familia au ukoo. Kwa hiyo ekwar inaweza kuingia kwenye rejista kwa jina la familia yake, ikiwa wenyewe watawahi kabla mpimaji hajachora kingo zote za mto kuwa eneo la wazi.